Mbwa wa Yadi na Wakwe kutoka Molo

Mume wangu alimleta nyumbani kwa miguu kutoka Busia mjini, kwa sababu hakuna mwenye bodaboda aliyekubali kumpakia. Mimi nilikuwa natoka sokoni na mzigo wangu wa mitumba kichwani. Nilipofika getini nikaona mnyama wa rangi ya kahawia yenye michirizi myeusi amelala kando ya jiko letu. Kifua chake kilikuwa kipana kama cha mtu anayebeba magunia, na masikio yake yalikuwa yamekatwa hadi yakabaki ncha mbili ndogo.

Nikasimama pale pale.

"Huyo ni nani?"

"Ni yule mbwa wa yadi," mume wangu akasema. Alikuwa ameketi kwenye kigoda karibu naye kuliko nilivyopenda.

"Naona ni mbwa. Nakuuliza anafanya nini kwangu."

Akanieleza, nami nikamsikiliza kutoka nje ya geti, mzigo ukiwa bado kichwani. Kwa miaka mingi mume wangu alikuwa mlinzi wa yadi ambamo malori hulala yakisubiri karatasi za forodha. Mwenye yadi alimnunua yule mbwa akiwa mdogo, kwa kuwa aliambiwa mbwa wa jamii ya pitibuli humaliza mwizi bila kelele. Mchana alifungwa mnyororo, na malango yakishafungwa akafunguliwa. Hakufundishwa kitu kingine chochote maishani. Sasa yadi ilikuwa imeuzwa, mnunuzi anataka kujenga nyumba ya wageni, na amri iliyotolewa ilikuwa fupi: mbwa atiliwe sumu kwenye nyama.

"Ningemwachaje, mama?" mume wangu akaniuliza. "Nimemlisha tangu analala ndani ya tairi."

Niliogopa, na nilikuwa na sababu. Mpakani kila mtu ana video ya mbwa wa aina hiyo kwenye simu yake, na kila video ni ya damu. Jioni ile nilisonga ugali wa muhogo na mtama mlango wa jiko ukiwa umefungwa, moshi ukinitoa machozi, nikijiambia kwamba kesho atatafutiwa pa kwenda. Kesho yake hakukuwa na pa kumpeleka. Kila aliyeulizwa alicheka au alitutazama kama watu waliopoteza akili.

Basi nikamwambia mume wangu kwamba kama mbwa atakaa, atakaa kwa namna yangu. Hatafungwa mnyororo, maana nilishaona jinsi shingo yake ilivyochubuka. Lakini pia hatazurura hapa kijijini kwetu Dabani kama mbwa wengine. Atajengewa uwanja wake wenye ua wa nguzo na waya, atachanjwa, na hakuna siku atatoka nje ya geti bila kamba mkononi mwa mtu mzima. Mume wangu alikubali yote upesi kiasi kwamba nilijuta kutotaka na paa jipya la jiko.

Daktari wa mifugo alikuja kutoka Tororo kwa pikipiki yake, mwanamke mfupi mwenye sauti nzito. Alichuchumaa mbali kidogo, akamwacha mbwa amkaribie na kumnusa, ndipo akamchoma sindano. Mbwa hakufanya lolote. Akatazama tu pembeni, kama mzee anayesubiri zamu yake kliniki.

"Huyu si mkali," nikasema, nikijaribu kuutuliza moyo wangu mwenyewe.

"Hajaniuma mimi, leo," daktari akajibu. "Sikiliza, mama. Mbwa huyu hakuzaliwa na ubaya. Lakini ana nguvu. Mbwa mdogo akikosea, unashona suruali. Huyu akikosea, mtu anakwenda hospitali. Kwa hiyo msikosee ninyi."

Maneno hayo nimeyarudia mara nyingi kwa watu waliotaka niwaambie kwamba mbwa wetu ni malaika, na kwa wale waliotaka nikubali kwamba ni shetani.

Daktari ndiye aliyetushauri pia tumfunge kizazi, maana mbwa wetu ni jike. Habari za mbwa wetu zilikuwa zimevuka mpaka kutuzidi sisi wenyewe. Siku moja walifika wanaume wawili kutoka upande wa Kenya wakiwa wamevaa miwani ya jua. Wakamzunguka mbwa kwa macho, wakisifu taya zake. Walikuwa na dume lao, wakasema, na watoto wa mbwa wawili hao wangekuwa moto.

"Moto wa kufanya nini?" mume wangu akauliza.

Mmoja akacheka. "Mzee, kuna watu wanapenda kuona mbwa wakipigana. Wewe hujui tu."

Mume wangu ni mpole. Sijamsikia akipaza sauti zaidi ya mara chache katika ndoa yetu. Siku ile aliwafungulia geti, akalishika wazi hadi walipotoka. Juma lililofuata tulikodi pikapu ya kubebea nyanya, tukampeleka mbwa Tororo akapasuliwe. Dereva aliendesha huku akigeuza shingo kila baada ya muda kuhakikisha kwamba abiria wake bado yuko nyuma. Baadaye tulipomrudisha mbwa akiwa amelewa dawa, ulimi nje, kichwa chake kikiwa pajani mwangu, dereva yule yule alisema, "Kumbe anakoroma kama mtu." Ndiyo mara ya kwanza nilipotambua kwamba mkono wangu ulikuwa juu ya mbwa.

Nilidhani watu wakiona tunavyojitahidi watatulia. Haikuwa hivyo. Fundi viatu wa sokoni alitushonea kifunga-mdomo cha ngozi, cha kumvisha mbwa tunapopita barabarani. Hakuthubutu kuja kumpima, kwa hiyo mume wangu alipima pua na taya kwa uzi na kuupeleka sokoni. Kilikuwa kizuri, chenye nafasi ya kupumua na kunywa maji. Lakini watu walipomwona nacho walizidi kuogopa. "Mmeona? Hata wenyewe wanajua anaua," mama mmoja akasema kando ya kisima. Waya tuliouzungusha ulikuwa ushahidi. Kamba nayo ilikuwa ushahidi. Mbwa wengine wote wa Dabani walijilalia njiani bila chanjo wala mwenyewe, na watu waliwaruka kama wanavyoruka dimbwi.

Kilichoniumiza zaidi ni jirani yangu. Tulikuwa tumeishi ukuta kwa ukuta tangu tulipoolewa. Alizoea kukatiza uani kwetu akienda kisimani, na hakuna siku alipita bila kuonja nilichopika na kukitia kasoro. Mbwa alipokuja, akaanza kuzungukia barabarani. Hatukugombana. Aliniamkia vizuri, akaniuliza hali, akaenda zake. Lakini jikoni kwangu palikuwa kimya. Kanisani nako nilipata benchi karibu zima peke yangu, kana kwamba mbwa alikuwa chini ya gauni langu.

Katika upweke ule nikamjua mbwa. Niligundua kwamba akiona ufagio mkononi mwangu anajikunyata hadi tumbo linagusa ardhi, basi nikawa nafagia akiwa upande mwingine wa uwanja, kila siku karibu kidogo, hadi akazoea. Niligundua anapenda dagaa, wale tunaowaita mukene, na kwa ajili ya kichwa kimoja cha mukene angejifunza chochote: kukaa, kungoja, kurudi akiitwa. Mume wangu alimwita "wewe" tu tangu yadini, na kwa neno hilo alikuja mbio kuliko watoto wetu walivyowahi kuja kwa majina yao ya ubatizo.

Halafu shemeji yangu akaja kututembelea, na alipokuwa anaondoka hakulirudisha komeo la geti la uwanja wa mbwa alikokwenda kumchungulia. Nilikuwa naanika nguo niliposikia kelele za ndege upande wa jirani. Nilipofika, mume wangu alikuwa tayari amemshika mbwa shingoni, na bata mzinga dume wa jirani, yule mkubwa ambaye alimjivunia kuliko kitu kingine chochote pale kwake, alikuwa amelala bila uhai kati ya manyoya yake.

Jirani hakuwapo, alikuwa shambani. Mume wangu akamrudisha mbwa ndani. Mimi nikambeba yule bata mzinga kwa mikono miwili, nikamfuata jirani yangu huko huko kwenye mihogo. Sikumpa nafasi ya kuuliza.

"Mbwa wetu amemuua. Geti lilikuwa wazi. Kosa ni letu, na tutakulipa bata mzinga mwingine."

Alinitazama, akamtazama bata, akakaa chini juu ya tuta. Nilijiandaa kwa matusi. Badala yake akaanza kuondoa udongo kwenye jembe kwa kidole.

"Mbwa wangu mweupe anakula mayai ya watu wote hapa," akasema hatimaye. "Na mimi ninajua. Sijawahi kwenda kwa mtu kumwambia."

Tulimtafutia bata mzinga mwingine huko Lumino, dume mwenye kiburi kama wa kwanza. Mume wangu akajenga geti la pili mbele ya lile la uwanja, ili mtu akisahau moja libaki lingine. Lilipokamilika, jirani alikuja kulikagua. Alilisukuma kwa bega, kisha kwa uzito wake wote, na jirani yangu si mwembamba.

"Linashika," akasema.

Kuanzia hapo akaanza kusimama tena na kuongea nami, yeye nje ya waya, mimi ndani. Baada ya muda nikaona anakuja na vipande vya viazi vitamu vilivyochemshwa, anavirusha ndani bila kumtazama mbwa, kana kwamba vimemponyoka mkononi. Mbwa alivila na kumsubiri kesho yake mahali pale pale.

Wakati huo binti yetu alikuwa anafundisha shule moja karibu na Tororo, na huko alikuwa amekutana na kijana kutoka Molo ya huko huko Tororo. Ilipofika wakati wa ukoo wa kijana kuja kujitambulisha kwetu, tulianza kupiga chokaa na kukopa viti. Ndipo nikapigiwa simu na shangazi wa kijana huyo, mwanamke ambaye ndiye angeongoza akina mama wa upande wao. Kwao wanaongea Kidhopadhola na kwetu ni Kisamia, kwa hiyo tulikutana katikati, kwenye Kiswahili cha sokoni.

"Mama, samahani," akasema baada ya salamu ndefu. "Sisi tunakuja, Mungu akipenda. Lakini habari za boma lenu zimetufikia."

"Habari gani?"

"Kuna mnyama. Watu wetu wanaogopa. Mimi mwenyewe naogopa. Tunaomba siku hiyo asiwepo."

Nilimwambia nimesikia. Mume wangu aliposikia alikasirika kwa namna yake, yaani alikwenda kupasua kuni ambazo hazikuhitajika. "Wanakuja kwa ajili ya binti au kukagua mifugo?" akasema. "Mbwa ana mageti mawili! Wanataka nini tena?"

"Wanataka wasile wakitetemeka," nikamjibu. "Hata mimi nilipika mlango umefungwa, umesahau?"

Lakini tungempeleka wapi? Kumfunga kwenye mti mbali kungekuwa kumrudisha kwenye mnyororo, na umati wa watoto ungemfuata. Binti yetu alisema kwenye simu kwamba basi waahirishe, na nikasikia katika sauti yake jinsi asivyotaka iahirishwe. Nilimweleza jirani haya yote huku nikimenya ndizi, sikutafuta msaada, nilikuwa nalalamika tu kama ilivyokuwa zamani.

"Mlete kwangu," akasema.

Nilidhani sikusikia vizuri.

"Mlete kwangu, na kamba yake na kile kiatu chake cha mdomoni. Mume wako amfunge kwenye nguzo ya jiko langu. Mimi nitakaa naye."

"Wewe utakosa sherehe."

"Sherehe yenyewe kukaa juani na gauni la gomesi linanibana? Nileteeni nyama tu. Ya kwangu na ya kwake."

Ikawa hivyo. Kwa juma zima kabla ya siku yenyewe mume wangu alimpeleka mbwa pale jioni kidogo kidogo, akae, azoee harufu ya lile jiko na sauti ya mwenyewe. Mara ya kwanza jirani alikaa upande wa pili wa uwanja wake. Kufikia siku ya wageni, kiti chake kilikuwa kimesogea hadi mahali ambapo angeweza kumgusa, ingawa hakumgusa.

Wakwe walifika kwa mabasi madogo mawili, wanawake wakiwa na magomesi yanayong'aa, wanaume wakitazama vichaka vyetu kwa pembe ya jicho. Shangazi alikuwa mrefu, mkimya, mwenye mikono ya mtu aliyelima sana. Tuliwaketisha chini ya turubai, wasemaji wakaanza mizaha yao, binti akatoka na dada zake, watu wakapiga vigelegele. Shangazi alitabasamu mahali panapotakiwa. Lakini alikuwa amekaa kwenye ncha ya kiti, na macho yake yalirudi kila mara kwenye ule uwanja mtupu wa waya.

Baada ya chakula akaniinamia. "Yuko wapi?"

Ningeweza kumwambia yuko mbali. "Yuko kwa jirani," nikasema. "Nyuma ya ile migomba."

Akasimama na kunyoosha gomesi lake. "Nipeleke nimwone. Nikirudi nyumbani bila kumwona, nitakuwa namwota tu."

Tulitoka wawili, kama akina mama wanaokwenda msalani. Jirani alikuwa ameketi na ungo wa karanga magotini. Mbwa alikuwa amelala kivulini, kamba ikiwa imefungwa kwenye nguzo, kifunga-mdomo kikiwa mahali pake. Aliposikia hatua zetu aliinua kichwa, akapigapiga mkia kwenye vumbi, kisha akakilaza tena. Shangazi alikuwa ameushika mkono wangu kwa nguvu hadi kucha zikaniingia.

"Anauma?" akauliza.

"Ana meno," nikasema. "Ndiyo maana ana kamba."

"Ana sindano? Ile ya kichaa?"

"Anayo. Haipiti mwaka bila kuchanjwa."

Hapo mkono wake ukalegea kidogo. Akasimama akimtazama mbwa kwa muda mrefu, na alipoanza kuongea alikuwa kama anaongea naye, si nasi.

"Sisi kwetu mdogo wangu aliumwa na kambwa kadogo ka rangi ya majivu. Kalikuwa kanapita kwetu kila siku, kila mtu alikajua, hakuna aliyekuwa mwenyewe. Jeraha lenyewe lilikuwa dogo, tukaliosha na chumvi tukasahau. Mdogo wangu hakupona. Tangu siku hiyo mbwa wote kwangu ni wamoja. Na huyu, nilivyosikia sura yake, nikasema huyu ndiye mkubwa wao."

Nilikuwa nimemhesabu kama mtu wa maneno ya video na uvumi, na nikaona aibu ikinipanda usoni.

"Pole sana, dada," nikasema. "Na usiache kuogopa kwa sababu yangu. Sisi wenyewe hatumwachii aende atakako."

"Mimi namwogopa mpaka leo," jirani akadakia, akiendelea kumenya karanga. "Lakini sasa namjua. Ni tofauti."

Shangazi hakumgusa mbwa, wala hatukumwomba. Alichukua kigoda, akaketi umbali wake, akasaidia kumenya karanga. Watatu tukakaa pale hadi tulipoitwa. Tuliporudi kwenye turubai, msemaji wao alimuuliza shangazi kwa sauti mbele ya watu kama bado ana viungo vyote. Akainua mikono yake miwili juu, watu wakacheka, na nilimwona mume wangu akishusha mabega kwa mara ya kwanza tangu asubuhi.

Miezi kadhaa baada ya harusi shangazi alinipigia tena. Hakuwa na salamu ndefu safari hii. Alitaka namba ya yule daktari wa Tororo. Alikuwa ameongea na akina mama wa kanisa lake, nao wakaongea na watu wa kata, na sasa walitaka mbwa wote wa upande wao wa Molo wachanjwe kwa siku moja.

Tulikwenda kuona, mimi na mume wangu. Mbwa wetu tulimwacha nyumbani, daktari alisema umati kama ule ungemchosha bure. Uwanja wa kanisa ulikuwa umejaa: mbwa waliofungwa kwa mkonge, kwa vitambaa vya kanga, kwa mipira ya baiskeli. Wengine ilikuwa mara yao ya kwanza kufungwa kitu shingoni, wakawa wanaviringika kama samaki. Shangazi alisimama mbele ya foleni akiuliza kila mmoja swali lile lile: "Huyu ni wa nani?" Kama mtu alisema si wa mtu, alimwambia, "Leo ni wako," na wengi wakakubali kwa sababu hakuwaachia njia nyingine.

Karibu na mwisho akaja mwanamume mwenye duka la vifaa vya ujenzi, akimvuta kwa mnyororo mzito mtoto wa mbwa mwenye kifua kipana na kichwa kikubwa, wa jamii ile ile ya mbwa wetu. Foleni ikafunguka yenyewe. Alikuwa amemnunua alinde duka, akasema kwa fahari, na hamfungui kabisa, ili awe mkali.

"Akiwa mkali, wewe mwenyewe utamlishaje?" mume wangu akamuuliza.

Yule bwana akafikiri. Inaonekana hilo hakuwa amelifikia. Wakaenda pembeni chini ya ukuta wa kanisa, na nilipowatazama baadaye mume wangu alikuwa ameokota kijiti, anachora mchangani nguzo, waya na mageti mawili, yule bwana akiuliza unene wa waya, huku mtoto wa mbwa akitafuna kamba za viatu vyao.

Yule mwenye duka alitupigia hivi karibuni, tukiwa tunakula. Mume wangu aliweka simu mezani ili nami nisikie. Ua umekamilika, akasema, na mnyororo ameutupa. Ila kuna kitu kinampa wasiwasi. Tangu amfungue, mbwa analala chali, miguu yote minne hewani, mdomo wazi, mchana kutwa.

"Je, ni ugonjwa?"

"Si ugonjwa," mume wangu akamwambia, akinitazama na kucheka. "Mwache alale."